Zagabe, Aliyeacha Rap Akashika Gitaa

Bapapa na bamaman mulioacha kazi zenu mukapanda hii milima ya Kadutu kuja kulia pamoja na sisi, musikilize njia aliyopita mudogo wetu Zagabe, inayosomwa na dada yake Consolate, aliyemulea.

Zagabe alizaliwa hapa Kadutu tarehe 14 Machi 1989, mutoto wa pili na wa mwisho wa marehemu papa Alphonse, fundi wa cherehani, na marehemu maman Marcelline wa Mudaka, akasoma hapa hapa mupaka kupata diploma ya Serikali mwaka 2008, na mwaka uliofuata akafungua kibanda cha kutengeneza radio katika soko la Kadutu, kazi aliyoifanya mupaka nguvu zilipomuishia.

Lakini wengi wenu mulimujua kwa rap, maana toka 2010 maneno yake yalikuwa makali kama pilipili na vijana walijaa kumusikiliza, mupaka tarehe 6 Agosti 2016 alipopanda jukwaani na gitaa la umeme, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umependa rock, muziki ambao hapa kwetu wanaoupiga ni wa kuhesabu. Majirani walipoona gitaa walimupongeza, wakifikiri ameokoka na sasa atapigia kwaya, na alipolikwaruza likanguruma, loo, watu wakapiga kelele kwamba bafle, ile spika kubwa, imepasuka, fundi muzima wa radio anashindwa kutengeneza bafle yake mwenyewe, wakacheka, wakarudi kwao. Wenzake wa rap walimuita musaliti, na toka siku hiyo alipiga peke yake chumbani, miaka na miaka, bila hata mutu mumoja wa kumupigia ngoma. Iliuma kumuona.

Tarehe 22 Aprili 2017 alifunga ndoa na Fanny wa Bagira, Mungu akawapa mutoto mumoja, Lucie, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 2019, lakini Fanny alipopata kazi ya ualimu Uvira alienda na mutoto, na Zagabe, aliyekataa kuacha kibanda chake, akabaki na nyumba tupu.

Ugonjwa wa figo ulimushika Novemba 2023, na Juni 2024 Consolate akamuhamishia kwake, akaichukua simu yake akaishika yeye, ili mugonjwa apumzike. Sasa ndugu zangu, kuna jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi ya kwanza, na haki ya marehemu inadai lisemwe. Mwezi wa Agosti vijana wanne wa Bagira, kundi la rock, waliokuwa wakipiga kwa magitaa wimbo wake mumoja wa zamani wa rap, walipiga simu hiyo mara tatu wakimutafuta aimbe pamoja nao, na Consolate, aliyeamini kwamba muziki ndio uliomumaliza mudogo wake, akawajibu kwamba Zagabe ameachana na mambo hayo. Kila jioni mugonjwa aliuliza kama kuna mutu aliyemutafuta, na kila jioni aliambiwa hapana. Alifariki tarehe 9 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, akiamini hivyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomuhangaikia, majirani mulioleta maji na kuni, mafundi wenzake wa sokoni, na wale vijana wanne waliosimama pale nyuma na vyombo vyao, ambao Consolate anawaomba musamaha mbele yenu wote.

Mudogo wangu, walikutafuta. Ile simu ilikuwa yako. Pumzika kwa amani.