Breki ya Treni ya Nduruma

Ndugu waombolezaji, haya ndiyo maisha ya mpendwa wetu Evaresta Ndesanjo, kama yalivyoandikwa na mume wake, Elihuruma.

Evaresta alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Kibosho, mkoani Kilimanjaro, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Ndesanjo, alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha akajiunga na masomo ya ufundi umeme na kuhitimu mwaka 1989, msichana pekee darasani. Mwaka 1990 aliajiriwa kiwandani hapa Arusha, akawa fundi wa magari ya betri ya kubebea mizigo ghalani, hadi alipostaafu mwaka 2023. Tarehe 8 Julai 1995 alifunga ndoa na Elihuruma, mwalimu wa hisabati, wakajaliwa watoto wawili, Violet na Aikaeli.

Baada ya kustaafu alianza kazi ambayo wengi wenu mmeiona, treni ndogo ya kupandwa na watoto wa chekechea, yenye reli ya mita mia mbili na kumi katika shamba la rafiki wa familia, Bwana Mahendra, huko Nduruma, ikiendeshwa na mota mbili za umeme na betri nne zilizofungwa chini ya kiti cha dereva, nayo ilikwenda kimya kiasi kwamba Mahendra alimtania, "Mama Violet, treni gani hii, inakuja kama mwizi!"

Tarehe 9 Agosti 2025, siku ya majaribio, mume wake alizichaji betri hadi zikajaa kabisa, bila kukumbuka kwamba safari inaanzia juu, na kwamba kwenye mteremko mota zile hupunguza mwendo kwa kurudisha umeme kwenye betri, ambazo zikiwa zimejaa haziupokei. Katikati ya mteremko mota zilijizima, treni ikashika kasi, Evaresta akiwa peke yake juu yake, na mbele, kwenye geti lililo mwisho wa mteremko, watoto ishirini na wawili walikuwa wamejipanga kusubiri zamu, wakishangilia kwa kuwa hawakujua. Alikandamiza visigino kwenye kokoto hadi soli za viatu zikang'oka, treni ikasimama mita moja na nusu kutoka kwa mtoto wa kwanza. Hakumlaumu mtu, alisema tu, "Baba Violet, hapandi mtoto hapa mpaka niweke breki ya mkono, na tuijaribu betri zikiwa zimejaa hivihivi."

Mwezi Novemba aligundulika kuwa na saratani ya ini, akaichora breki hiyo akiwa wodini, nyuma ya kalenda, na kila jioni alimuuliza mume wake imefikia wapi. Jumamosi tarehe 21 Februari 2026, saa nane mchana, Elihuruma alipakia mifuko minne ya saruji, uzito wa watoto kumi, betri zikiwa zimejaa, akazima mota katikati ya mteremko na kuvuta breki, akarudia mara tatu, na mara zote treni ilisimama ndani ya mita nne. Aliondoka Nduruma kumpelekea habari, akafika wodini saa kumi na dakika hamsini, Evaresta alikuwa amefariki saa kumi na dakika arobaini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wetu wa mtaa wa Sakina ambao hawajatuacha tangu siku ile, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, Bwana Mahendra, na fundi Lerionka aliyeichomelea breki kwa kufuata mchoro wa kalenda bila kubadilisha hata kipimo kimoja.

Mama Violet, breki imeshika. Pumzika sasa.