Mzee Mayunga Luhaga na Ngoma ya Novemba

Ndugu waombolezaji, mimi ni Mihayo, mtoto wa mdogo wake marehemu, nimepewa karatasi hii kwa sababu katika ukoo mzima hakuna mwenye sauti ya kufika barabarani kama yangu, basi nisikilizeni.

Mzee Mayunga Luhaga alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 huko Kimali, Meatu, akasoma darasa la kwanza hadi la nne Nyalikungu, 1953 hadi 1956, akaacha kwa ajili ya ng'ombe, na kwa ajili ya ngoma, maana katika kundi la ngoma la Bagalu wa Kimali hapakuwa na mchezaji kama yeye, akitikisa njuga Kimali vumbi lilionekana Maswa, anayebisha abishe tukishazika.

Novemba 1966 walifika wageni wenye kamera ya filamu, wakitaka kupiga picha ngoma ya mavuno, wamechelewa, ngoma hiyo ni ya Juni na watu wako shambani wanapanda, wazee wakakataa, baba mkubwa akavaa njuga akawachezea peke yake, mvua mwaka ule ikagoma, ng'ombe wakafa, lawama zote zikawa zake, na kundi likamfukuza.

Alihamia Maswa, akafanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba 1967 hadi 1998, akafunga ndoa na mama yetu mkubwa Milembe tarehe 12 Agosti 1970, wakajaliwa watoto watano, mmoja ametangulia, wakahamia hapa Bariadi 1999, na miaka yote hiyo, ngoma zikilia Juni, yeye alifunga mlango na madirisha.

Mwaka 2021 mjukuu wake Precious aliikuta filamu ile kwenye simu, tukamwona baba mkubwa kijana, anaruka, anacheka, nyuma yake wanawake wameinama na majembe, na maandishi yanasema ni sherehe ya mavuno, mzee akaomba irudiwe, ikarudiwa, kisha akasema, "Wale wanaopanda, hakuna hata mmoja anayenitazama."

Alianza kuugua figo Mei mwaka huu, akafariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025 hospitalini hapa Bariadi, ombi lake likiwa moja tu, Bagalu wa Kimali wamzike kwa ngoma, na jana tulipokwenda kuwaomba, kiongozi wao, mzee Masunga, alisema, "Mayunga tumemrudisha kundini. Lakini mwanangu, watu wanapanda." Nikabisha kwa ufundi wangu wote, nikashindwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia tangu Jumanne, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, nanyi Bagalu, mliokuja bila ngoma hata moja, mkabeba jeneza.

Baba mkubwa, pumzika kwa amani hadi Juni, tutakuja kukusumbua.