Filamu Niliyoogopa Kuisafisha

Ndugu zangu, apewe sifa Bwana aliyenifikisha mbele yenu. Je, nilizungusha filamu, au sikuizungusha? Swali hilo dogo liliniondolea usingizi miezi mitatu.

Nilipomaliza shule ya ualimu hapa Kasongo, mwalimu wangu Mzungu, akirudi kwao, aliniachia kamera ya sanduku. Filamu yake ilikuwa ya picha nane; kila baada ya picha ulipaswa kuizungusha kwa mkono, na kidirisha cha namba kilikuwa kimefifia. Picha ya kwanza niliwapiga wenzangu wa mpira. Ya pili nilimpiga Mama, mlangoni, ameshika ungo. Juma lililofuata homa ikamchukua. Picha nyingine hakuwa nayo. Nami sikukumbuka kama nilizungusha filamu kati ya zile mbili. Kama sikuzungusha, wacheza mpira kumi na mmoja wamesimama juu ya uso wa Mama!

Kwenye matanga sikulia, nilikuwa nafikiri. Baadaye nilikaa ndani, kamera magotini. Kumpelekea mpiga picha wa mjini aisafishe niliogopa. Isiposafishwa, Mama bado yumo.

Mama mdogo, ndugu wa marehemu, alinichoka.

"Masomo imekuharibu! Hata maji unafikiri mbele ya kunywa. Ile filamu imeisha?"

"Bado, Mama mdogo."

"Basi enda uimalize. Jua iko inje."

Nikaona huo ni udhuru mzuri: filamu isiyokwisha haipelekwi, nami ningeimaliza polepole. Nikaanza kutembea asubuhi, njia ya Lusangi, mara nyingine mpaka mto Lualaba. Nilipiga kichuguu chekundu. Ukungu juu ya maji. Hondohondo juu ya mchikichi uliokauka. Mianzi iliyoinama baada ya mvua. Kamera ile inataka usimame imara na kushika pumzi, na kila niliposhika pumzi, mawazo nayo yalinyamaza kidogo.

Picha ya saba ilikuwa kijito cha kulowekea mihogo. Mama mmoja akaniita kutoka majini:

"Mwalimu! Unapiga picha ya mihogo na sisi watu tuko hapa? Ao sura yetu ni mubaya?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Ndipo harufu ya ile mihogo ikanifikia, harufu ya mikono ya Mama, nikalia mbele yao wote.

"Lia, mutoto wangu," akasema. "Sisi tuko na kazi, hatukuangalie."

Ndugu zangu, nililia hadi nikachoka! Kisha picha ya nane nikawapiga wao. Nyumbani nililala mpaka Mama mdogo akaniamsha nile.

Jana nilimpelekea mpiga picha filamu.

"Na ikitoka mubaya?" nikamwuliza.

"Nitakuambia ni mubaya. Leta."

Nikaiweka mkononi mwake.

Kilichomo sikijui. Nimechagua kushuhudia leo, kabla sijajua, msije mkasema picha ndiyo iliyonifariji. Ni Bwana, ndugu zangu, namshukuru! Uliyejifungia na msiba wako, toka, tembea, tazama alivyoviumba, umtegemee. Mimi filamu nimeiachilia.