Ng'ombe wa Gati Wasitoke Zizini

Nashoni, sogeza kigoda uje karibu, na wewe Gati acha hiyo sufuria, uji umenishinda, si kwamba umeupika vibaya. Nisikilizeni wanangu, maana pumzi niliyo nayo ni ya kusema mara moja tu, na neno hili sitaki kuzikwa nalo.

Shamba la bondeni ni la Nashoni, lile la mihogo ni la Gati, na jembe langu mpeni Mokami, mke wa kaka yangu Marwa, yeye anajua kwa nini. Hayo yameisha. Sasa tuje kwenye ng'ombe walioletwa juzi na watu wa Benedicto, mahari ya Gati.

Nashoni, najua umeshawapeleka kwa akina Scholastica kichwani mwako. Sikulaumu, kwetu ndivyo ilivyo, ng'ombe wa dada ndio wanaomwoa mke wa kaka, na wangu walitumika hivyohivyo. Watu husema nilikaa na baba yenu kwa sababu nina uvumilivu. Uvumilivu gani.

Nilimpenda Wangwe mpaka nikajisahau. Dhahabu ilipopamba moto Nyamongo akahamia kwenye mashimo, nami nikawa namfuata na unga kichwani, nikauza mbuzi wangu anunue kamba na tochi, nikakaa juani nikiponda mawe yake hadi viganja vikachanika. Akipata, hatumwoni. Akikosa, huyo mlangoni, anakula, analala, anaondoka bila hata kuuliza kama mtoto mwenye homa amepona. Nami, kila nikiona hanipendi, naongeza kutoa, nikidhani bado sijafikisha.

Siku moja nikachoka, nikambeba Nashoni mgongoni nikarudi kwa baba. Hakunifokea. Alinionyesha watoto wa Marwa waliokuwa wakicheza uani, akasema, "Wegesa, ng'ombe wako ndio hao. Niambie, kati yao nimchukue yupi nimrudishie mumeo?" Mokami alikuwa jikoni, ameshika mwiko, amesikia yote, na hakuthubutu kunitazama. Ningebaki mimi, angerudishwa kwao yeye. Basi nikala ugali wake, nikalala, asubuhi nikarudi kwa mume wangu, naye hakuuliza nilikuwa wapi.

Vumbi la mawe lilipomkaa kifuani nilimuuguza mimi, nikamwogesha, nikamlisha, na siku yake ya mwisho akanishukuru vizuri sana, kama mtu anavyomshukuru nesi. Kazi yote ile nimeisahau. Shukrani ile inaniuma mpaka leo.

Gati mwanangu, usiangalie chini. Siku ya kuletwa ng'ombe, Benedicto hakuja, alituma wajomba, yeye yuko shimoni. Wewe umeuza maharage yako ukamnunulia mabuti, unamfulia nguo za tope, na akitajwa uso wako unakuwa ule wangu wa zamani. Sikukatazi, maana nikikukataza utatoroka, nami nisingekatazika. Nenda kwake. Huenda atakupenda, na Mungu anione nimekosea.

Lakini wewe Nashoni... ngoja nipumue... ng'ombe hao wasitoke zizini. Wachunge, wakamue, mnywe maziwa yao, ila wabaki hapa, dada yako ajue wapo. Mahari ya Scholastica itafute kwa mikono yako, na kama baba yake hasubiri, basi. Najua nakukata moyo, na wewe nimekuzaa mimi. Niapie. Si kwa kichwa, kwa mdomo, dada yako asikie.

Nimekusikia. Sogea, nipe mkono... na wewe, nipe wako. Mzae, mle mkashibe, mvua iwakute mmeshapanda... Mnizike huku juu, si kando ya Wangwe, nimemfuata vya kutosha.

Gati... karibia, sauti haitoki. Siku ukichoka, usikae njiani ukijiuliza watasema nini. Usipige hata hodi... ingia tu.