Catalina, Si Katrina: Tunamkumbuka Muuza Suman

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka Aling Catalina Dimaculangan, Bi Catalina wetu, aliyetuuzia suman, ule wali wa kunata uliofungwa kwa majani ya mgomba, sokoni kwetu hapa Batangas. Narudia, na narudia taratibu maana bado namwogopa: Ca-ta-li-na. Si Katrina. Si Katarina. Si Keti.

Siku moja diwani wetu alimwita Katrina, tena kwa bashasha zote za kuomba kura. Aling Catalina akafunika suman zake. "Katrina hajafika," akamwambia. "Akija, ukanunue kwake." Diwani akaondoka mikono mitupu.

Mwanawe, Nestor, alimwoa Rowena, wakahamia kwa mama. Wakajaliwa binti. Bibi akaambiwa mtoto atapewa jina lake, akafurahi mno. Kisha akaliona lilivyoandikwa: Khathrynne. Wasikilizaji, jina hilo lina h mbili, y moja, n mbili, na e ya mwisho isiyo na kazi yoyote. Linatamkwa Kethrin.

"Hili ni jina au ajali?" akafoka. "Jina si chumvi, kila mtu atie kiasi chake!"

Rowena naye hanyamazi. "Mama, siku hizi ndivyo linavyoandikwa. Na mtoto ni wangu."

"Haya. Kanisani nitambeba mimi. Padri akiuliza, nitasema Catalina. Maji yakishamwagika, utanifanya nini?"

Rowena alilia wiki nzima. "Mapazia kachagua yeye," aliniambia. "Sufuria kachagua yeye. Hili jina tu ndilo nililochagua mimi katika nyumba ile."

Ikafika siku ya ubatizo. Bibi kambeba mtoto, kama alivyoapa. Padri akamwuliza, "Mtoto anaitwa nani?" Aling Catalina akamtazama mkwewe aliyekuwa na macho mekundu na leso iliyolowa. Akavuta pumzi.

"Kethrin," akasema, kama mtu anayemeza dawa chungu. Kisha akamgeukia Rowena. "Na ile e yako ya mwisho, nisisikie mtu kaiondoa."

Aling Catalina Dimaculangan alifariki Jumanne. Nestor, Rowena na binti yenu, poleni sana. Mimi nimeumia, nasema wazi. Nasi tuliobaki tujiulize: nyumbani mwetu yuko nani ambaye hajawahi kuachiwa achague hata kitu kimoja?

Mazishi ni kesho asubuhi, lakini jiwe la kaburi halitakuwa tayari. Jana nilimkuta Rowena kwa fundi. Fundi alikuwa amechonga Katalina, kwa k.

"Vunja, uanze upya," Rowena akamwambia.

"Herufi moja tu, dada! Kwani marehemu atasoma?"

"Hasomi yeye, nasoma mimi," akasema Rowena. "Huyo ni mama yangu. Vunja."