Kidawa binti Fakihi na Njia ya Mahameni

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Aliyeshika mwiko auweke kando kidogo, na mwenye mgeni amsogezee kiti naye asikilize. Leo tunamkumbuka Bi Kidawa binti Fakihi, wa huku kwetu Miteja, tuliyemzika Jumatatu. Bi Kidawa alikuwa mkulima wa korosho. Alikuwa pia mkimbiaji. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: mkulima wa korosho, na mkimbiaji. Hakupata medali, wala hakushindanishwa na mtu. Alikimbia kwa ajili ya mikorosho ya baba yake. Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo msiniulize nimeyajuaje.

Ilikuwa mwaka sabini na nne. Zamani tulikaa mbalimbali, kila ukoo na mikorosho yake. Ikaja operesheni ya vijiji, tukaletwa barabarani, nyumba zikapangwa mistari kama meno ya chanuo. Tulipata shule, tulipata zahanati, tukapata na majirani wa kuwasengenya bila kutembea. Mikorosho tuliiacha kule mahameni, kwenye makazi tuliyoyahama.

Mzee Fakihi alikuwa amekwisha kufariki, na mikorosho yake alimwachia Kidawa. Kamati ya kijiji ikatangaza: shamba la mahameni litakalokutwa pori msimu wa korosho ukifika, litahesabiwa limetupwa, na atapewa mwingine. Sasa oneni mtego wake. Shamba la kijiji lilituachia adhuhuri. Ukitembea mpaka kwa Mzee Fakihi, unafika alasiri, na hapo hapo ugeuke bila kugusa jembe, maana magharibi njia ile ilikuwa ya simba. Na kulala mahameni ni marufuku. Mumewe, Dadi, mguu wake ulivunjika alipoanguka mnazini, ukaungwa vibaya. Baiskeli alikuwa nayo, lakini matairi hayakupatikana nchi nzima. Zilibaki rimu na kengele.

Kidawa akasema, basi nitakimbia.

Msicheke. Alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya mgambo, chini ya Afande Klementi, Mmatumbi wa milimani. Alipoanza, hakuweza kutoka msikitini mpaka shuleni bila kushika kiuno. Kila asubuhi mchakamchaka, na nyimbo, na vumbi. Siku ya kuhitimu alikimbia mpaka daraja la kijito akarudi bila kusimama. Tulipiga vigelegele. Na vigelegele, wasikilizaji, vimeshawaponza wengi.

Kesho yake tu, adhuhuri, akaondoka kwenda mahameni. Mahame yako mbali na daraja kama mbingu na ardhi, lakini nani angemwambia? Mhitimu yule. Alikwenda kama alivyofundishwa, magoti juu, nyayo chini kwa kishindo, na wimbo. Wimbo wa mchakamchaka una anayeanzisha na wanaoitikia. Kidawa alikuwa peke yake. Akaanzisha mwenyewe, akaitikia mwenyewe.

Na huku kwetu mtu mzima akikimbia, ujue kuna jambo. Mzee Nassibu akachukua mkuki. Wanawake wakajifunga khanga viunoni, na mimi nikiwemo, tukamfuata tukiuliza nani kafa. Tulimkuta ng'ambo ya daraja, amekaa mchangani, pumzi imekata na miguu imekataa. Tulimrudisha juu ya baiskeli ya Dadi, kwenye rimu tupu, na kila shimo kengele inalia yenyewe. Kijiji kizima kilidhani bibi harusi analetwa.

Miundi ya miguu yake ilivimba. Hata shamba la kijiji hakwenda. Watu walicheka, kisha wakachoka kucheka, yeye bado analia. Akamwambia Dadi mikorosho ile basi, wachukue wanaoitaka. Dadi alitoka nje akakaa na mguu wake.

Ndipo akaja bibi yake mzaa mama, Bi Somoe, kumkanda kwa mafuta ya nazi ya moto. Nilikuwepo, nilishika taa, na haya niliyasikia kwa masikio yangu.

"Kidawa, Ramadhani yako ya kwanza ulifunga vipi?"

"Nilikuwa mtoto, bibi. Nimesahau."

"Mimi sikusahau. Ulifunga mpaka adhuhuri, ukaenda nyuma ya nyumba ukala kiporo cha muhogo, ukafuta mdomo, ukatangaza umefunga. Nani alikucheka?"

"Hakuna."

"Mwaka wa pili ukafika alasiri. Wa tatu ndipo ukaijua magharibi. Sasa miguu yako juzi ndiyo kwanza imefunga mpaka adhuhuri, na wewe unaidai mwezi mzima, na sita za Shawali juu yake."

Kidawa alicheka na machozi yakiwa bado mashavuni. Lakini alilishika neno.

Miguu ilipopoa, alianza upya. Alikwenda mpaka darajani tu, akarudi. Siku inayofuata hakukimbia, alilima. Akakaa na daraja lile mpaka likawa si kitu kwake, ndipo akasogea hadi kwenye kichuguu kikubwa. Kichuguu kikizoeleka, anasogea mpaka kwenye mipingo. Akisogea mbali, mwendo anaupunguza. Na baada ya majuma kadhaa ya kusogea, alirudi darajani kwa juma zima, makusudi, kuipumzisha miguu. Watu wakasema ameshindwa. Yeye akaendelea na daraja lake. Nyimbo aliziacha.

Kipimo chake kilikuwa shikamoo. Njia ile, inapotoka kijijini, ilikuwa na wazee wanaosuka ukili wa mikeka mbele ya nyumba zao, na huwezi kupita mzee kimya, hata uwe na mabawa. Shikamoo ikitoka nzima, mwendo uko sawa. Ikikatika katikati, anatembea mpaka pumzi irudi. Mzee Nassibu alilalamika kwamba marahaba yake inabidi aitupe mgongoni mwa mtu, na hiyo heshima gani. Lakini niliona siku ambazo Kidawa hakupita, mzee alikuwa akichungulia njiani.

Afande Klementi naye alimwona akienda polepole, akamtania:

"Hizo ni mbio, mgambo, au umeangusha sindano?"

"Natafuta korosho, afande. Sindano nimewaachia wenye haraka."

Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua siku alipofika mahameni kwa mara ya kwanza. Pori lilimfika kiunoni. Hakuwa hata na panga. Alinieleza kwamba aliigusa mikorosho mmoja mmoja, akageuka. Safari iliyofuata alikuja na jembe, akalificha kwenye tawi, na tangu hapo alisafisha kipande kwa kipande, siku ya mbio, siku ya kupumzika.

Msimu ukafika. Mwenyekiti wa kamati, jina lake namsitiri, wajukuu zake wanasikiliza, alikwenda kukagua kwa baiskeli yenye matairi. Alikuta chini ya mikorosho kumefagiliwa kama ua wa nyumba, na Kidawa anaokota korosho. Mwenyekiti akauliza, "Umelala huku?" Kulala ni kosa, na kosa lingemnyang'anya shamba.

"Sikulala. Nimekuja mbio."

Mwenyekiti akaguna. Akapanda baiskeli, akasema watayamaliza kijijini. Lakini wasikilizaji, njia ile ina mchanga, na mchanga haujui cheo. Alishuka, akawa anaisukuma. Akasikia nyayo nyuma yake, na sauti iliyotulia kabisa:

"Shikamoo, mwenyekiti."

Akaitikia marahaba, Kidawa huyo akapita na kapu la korosho kichwani. Shamba halikuguswa tena.

Miaka ilipopita, watu wakaruhusiwa kurudi mahameni. Wengi tulikuta moto wa porini umepita, visiki vyeusi. Kwa Mzee Fakihi mikorosho ilikuwa imesimama. Tulikwenda kuomba mbegu, na sisi tuliomcheka tukiwemo. Mwanawe Bakari aliniambia msibani: "Mama alizitia majini. Korosho inayozama, hiyo ndiyo anampa mtu akapande. Inayoelea, tunakaanga sisi nyumbani."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Bakari na ndugu zake, na ukoo wote wa Mzee Fakihi. Mwenyezi Mungu ampe marehemu kauli thabiti. Na wewe mwenye mkorosho, upande huu wa Miteja mpaka kisiwa cha Songo Songo kwa waliovukisha mbegu, nenda leo ukasimame chini yake, uwaulize wakubwa mbegu ilitoka kwa nani. Wakikutajia Kidawa, mwombee dua hapo hapo.

Mimi wangu uko nyuma ya jiko. Mwaka huu umezaa mpaka tawi limekaa chini.