Tiketi za Shreveport

Basi la Toledo lilijaa makoti yenye theluji, na Marlys hakutulia kitini. Mbele yake wazee wawili wenye kofia za chuo walikuwa wakibishana.

"Mechi yenyewe kule Shreveport ni wiki ijayo, na tiketi zimedoda chuoni kama mkate wa juzi," alisema mwenye ndevu.

"Mimi yangu ninayo, Gus. Nimeiokota mtandaoni kwa bei ya hamburger."

"Mjanja wewe, Verlon. Chuo kisipouza fungu lake la tiketi, hakipati nauli ya bendi, nayo inabaki nyumbani. Utashangilia kwa mluzi?"

"Nafuata mpira, sifuati matarumbeta."

"Mwaka jana walipopiga wimbo wa chuo ulilia."

"Yalikuwa mafua, bwana."

Marlys alitaka kumgonga Verlon begani amwambie kwamba binti yake yeye ndiye mpiga tarumbeta kubwa wa bendi hiyo, na sare yake imeshapigwa pasi, inaning'inia mlangoni. Mkono ukaishia njiani. Tiketi yake mwenyewe, aliyoinunua ili akamwone binti huyo akipiga, ilikuwa kwenye simu mapajani, nayo haikutoka chuoni; ilikuwa ya mtandaoni, kama ya Verlon.

Basi liliposimama, wazee walikuwa wangali wanabishana. Marlys alishuka kituo kimoja kabla ya chake.